Mti wa P2P unakatika kila mtazamaji akiondoka: tatizo ni mti au ni hesabu?

Swali: "Ninarusha video moja kwa moja kupitia tovuti yetu. Watazamaji kwa wakati mmoja hufika 400 hadi 500. Seva ina njia ya kutoka ya Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) na video ni ya Mbps 2, kwa hiyo wakizidi 45 hivi kila mtu anaanza kukwama. Nilisoma kwamba kwenye P2P, yaani watazamaji kupelekeana video wao kwa wao badala ya kutegemea seva pekee, kila anayeingia anakuja na nguvu yake, nikaandika mfumo wa mti: seva inawapelekea watazamaji 20, kila mmoja anawapelekea wawili, na kuendelea hivyo hadi chini. Ofisini ulifanya kazi bila kasoro. Kwenye matangazo halisi zaidi ya nusu walikwama, na mtu mmoja akifunga ukurasa kundi zima linakatika. Nitanue mti, niongeze akiba ya video kwenye kivinjari, au niachane na P2P? Ningependa video isichelewe zaidi ya sekunde 10."

Jibu: Unauliza kuhusu umbo la mti na ukubwa wa akiba, na nitafika huko. Lakini kilichokuangusha kinatangulia vyote viwili: hakuna mahali uliposema watazamaji wako wanaweza kupakia kiasi gani. Bila namba hiyo huwezi kujua kama mfumo wako una kasoro ya kurekebishika au ulikuwa hauwezekani tangu mwanzo, hata ungeandikwa na nani.

Kauli kwamba kila anayeingia anakuja na nguvu yake ni kweli nusu. Anakuja pia na njaa yake. Kila mtazamaji wako anahitaji Mbps 2 za kupakua, na anachangia kile tu ambacho njia yake ya kupakia inaruhusu. Mtu mwenye uwezo wa kupakia Mbps 0.5 anapojiunga, mtandao mzima unazidi kupungukiwa kwa Mbps 1.5. Miunganisho mingi ya nyumbani hupakua haraka na kupakia polepole, na wa simu wengi hawafikiki kabisa kutoka nje. Kwa hiyo kuna hesabu moja ya kufanya kabla ya kuandika mstari wowote wa programu: jumlisha uwezo wa kupakia wa seva na wa watazamaji wote wanaoweza kuchangia, kisha gawanya kwa idadi ya watazamaji mara kiwango cha video. Jibu likiwa chini ya 1, watu watakwama, na hakuna mpangilio utakaowaokoa. Likiwa 1 kamili, watakwama pia, kwa sababu daima kuna vipande vinavyotumwa mara mbili, ujumbe wa uratibu, na watu wanaoondoka katikati. Mimi nisingerusha chini ya 1.2.

Tuifanye kwa mfano unaofanana na wako. Watazamaji 500 kwa Mbps 2 ni Mbps 1,000. Tuseme umepima ukakuta 200 kati yao wako kwenye simu au hawafikiki, kwa hiyo wanachangia sifuri, na 300 waliobaki kila mmoja anaweza kutoa Mbps 1.5 kwa wastani. Hiyo ni 450, ongeza 100 za seva, unapata 550. Uwiano ni 0.55. Ukishusha video hadi Mbps 0.9, mahitaji yanakuwa 450 na uwiano unaruka hadi 1.22. Watu wale wale, seva ile ile, na sasa kazi inawezekana. Ukitaka kubaki na Mbps 2, unahitaji jumla ya 1,200, maana yake seva yenye Mbps 750. Hakuna mlango wa tatu zaidi ya kodeki (njia ya kubana video) inayobana zaidi kama H.265 au AV1, na hizo zina sharti lake: enkoda, yaani programu inayobana video, iweze kuzibana kwa wakati halisi na kila kifaa cha mtazamaji kiweze kuzifungua.

Namba ya kupakia usiichukue kwenye tangazo la mtoa huduma wala kwenye tovuti ya kupima kasi. Ipime ndani ya matangazo yenyewe, kwa kuangalia vipande alivyotuma mtu vilichukua muda gani kufika, kisha tumia asilimia 60 hadi 70 tu ya kile ulichopima. Sababu ni foleni. Njia ya kupakia ikijaa, ruta ya nyumbani huanza kulimbikiza pakiti, na katika foleni hiyo hiyo zimo risiti ndogo zinazothibitisha upokeaji wa data anayopakua. Zikichelewa, upakuaji wake nao unapungua. Yaani unaweza kumkwamisha mtu kwa kumfanya awasaidie wengine kupita kiasi, naye hatajua kwa nini. Itifaki ya LEDBAT, iliyochapishwa kama RFC 6817 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti) mwaka 2012, ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hili: inapunguza mwendo pale ucheleweshaji wa foleni unapokaribia lengo, ambalo halipaswi kuzidi milisekunde 100. Kwenye kivinjari huwezi kubadilisha udhibiti wa msongamano wa njia ya data ya WebRTC (teknolojia inayounganisha vivinjari moja kwa moja), kwa hiyo weka kikomo cha kutuma kwenye programu yako mwenyewe.

Sasa mti wako. Kila mtazamaji mwenye watoto wawili alitakiwa apakie Mbps 4. Ofisini kila kompyuta ilikuwa na uwezo huo mara kadhaa, hakukuwa na NAT (ruta kuficha vifaa vya ndani nyuma ya anwani moja ya nje) kati yao, na hakuna aliyeondoka. Nje ya hapo wachache sana wanaufikia. Angalia pia mzigo ulivyogawanyika: ngazi zako zina watu 20, 40, 80, 160, kisha 200 wa mwisho. Hao 200, pamoja na 60 wa ngazi ya nne wasio na mtoto, hawapakii chochote. Watu 260 kati ya 500 wamekaa bure huku wa juu wakielemewa. Na kwa kuwa kila mmoja wa wale 20 wa kwanza amebeba wastani wa watu 24 chini yake, akifunga ukurasa hao wote wanakatika kwa pamoja. Mtu wa ngazi ya tano anategemea watu wanne juu yake. Kama kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 2 wa kuondoka ndani ya dakika, yeye ana takribani asilimia 8 za kukatika kila dakika.

Kuutanua mti kungepunguza ngazi lakini kungemtaka kila mzazi apakie zaidi: watoto watatu ni Mbps 6. Kuongeza akiba kunasaidia mtandao unapoyumba, hakusaidii unapopungukiwa. Mtu anayepokea asilimia 80 ya video hupoteza sekunde 0.2 kila sekunde, hivyo akiba ya sekunde 10 inaisha baada ya sekunde 50. Umemchelewesha tu kukwama.

Tatizo la majani, yaani watu wa mwisho wa mti, yaliyokaa bure lilishughulikiwa zamani na SplitStream, mfumo uliochapishwa mwaka 2003: video inagawanywa kuwa mikondo kadhaa, kila mkondo una mti wake, na kila mtu huwa tawi la ndani katika mti mmoja na jani katika mingine. Mzigo unasambaa na kuondoka kwa mtu kunampunguzia mwingine sehemu tu ya video. Lakini kuitunza miti mingi huku watu wakiingia na kutoka ni kazi ngumu, na mwaka 2005 CoolStreaming ilionyesha njia nyingine iliyoenea zaidi baadaye: acha miti, kila mtu awe na majirani kadhaa, atangaze vipande alivyonavyo, na aombe asivyonavyo. Huu ndio wavu ninaokushauri uhamie, ila kwa marekebisho.

Marekebisho ya kwanza ni ukubwa wa kipande. Ukitumia HLS (mfumo unaorusha video kwa sehemu fupi ziitwazo segimenti) na segimenti za sekunde 2 kwa Mbps 0.9, kila segimenti ina kilobaiti 225. Jirani mwenye kupakia Mbps 1.5 anachukua sekunde 1.2 kuituma nzima, na anayeipokea hawezi kuisambaza mpaka ikamilike. Hatua nne za namna hiyo zinakula karibu sekunde 5. Igawe segimenti katika vipande vya kilobaiti 16, ambavyo ni 14 hivi, na kila kimoja kitapita kwa takribani sekunde 0.09, kikiendelea na safari huku vingine bado viko njiani. Ukubwa huo una faida ya pili: ndio ujumbe ambao vivinjari tofauti vimezoea kupokeana bila matatizo kwenye njia ya data ya WebRTC. Kumbuka kuangalia kiasi kilichorundikana kabla ya kutuma kingine. Ukisukuma vyote kwa mkupuo, kipande cha dharura kitasubiri nyuma ya visivyo na haraka.

Ya pili ni nani aombe nini na lini, na hapa ndipo mitandao mingi hufeli ikiwa na uwezo wa kutosha kabisa. Kwenye BitTorrent, mfumo wa kugawana mafaili kwa P2P, unaanza na kipande adimu zaidi kwa sababu mpangilio haujalishi. Kwenye video ya moja kwa moja kila kipande kina saa yake ya kufa, na kipande kipya huwa adimu kwa kila mtu kwa wakati mmoja. Ukifuata uadimu pekee, utakuwa na vipande vya mbele huku kinachotakiwa sasa hakipo. Ukifuata muda pekee, majirani wote watakuwa na vipande vile vile na hawatakuwa na cha kubadilishana. Kwa hiyo gawa dirisha lako, yaani vipande vinavyosubiri kuonyeshwa. Vipande ambavyo muda wake wa kuonyeshwa uko chini ya sekunde 1.5 omba moja kwa moja kwa seva, usibahatishe. Vya sekunde 1.5 hadi 4 omba kwa majirani kwa kufuata muda. Vilivyo mbele zaidi omba kwa uadimu, ukichanganya na bahati nasibu kidogo ili watu wote wasiangukie kipande kimoja.

Kuomba nako kuna gharama. Tangazo la jirani la vipande alivyonavyo, ombi na kipande chenyewe ni safari tatu, yaani mara moja na nusu ya muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Kama muda huo ni milisekunde 150 na matangazo hayo ya vipande hutolewa kila nusu sekunde, kila hatua inaweza kula karibu sekunde 0.7 kabla data haijafika. Dawa yake ni kuchanganya kusukuma na kuomba. Gawa vipande katika mikondo minne kwa baki la namba ya kipande ikigawanywa kwa 4, na kila mtazamaji ajiandikishe mkondo mmoja mmoja kwa majirani tofauti. Jirani anasukuma bila kuombwa. Kuomba kunabaki kwa vilivyopotea tu. Jirani akichelewa mara tatu mfululizo, hamishia mkondo wake kwa jirani mwingine.

Majirani wawe kama 8, na wakishuka chini ya 5 tafuta wengine mara moja. Nusu wachague kwa ukaribu wa muda, nusu kwa bahati nasibu kabisa. Hiyo nusu ya pili isikuponyoke: ukiwachagua wa karibu tu, mtandao unajigawa visiwa, na kisiwa kisicho na mtu anayepokea kutoka kwa seva kitakufa huku kipimo chako cha jumla kikionyesha uwezo upo. Kila sekunde 30 mwondoe jirani dhaifu kuliko wote, weka mgeni.

Seva nayo isipeleke video nzima kwa watu wachache. Kwa Mbps 0.9, tenga kama Mbps 60 za kutoa vipande vipya kwa mara ya kwanza na uache 40 kwa dharura na wanaoingia. Katika zile 60, mpe kila mtazamaji mwenye kupakia vizuri kipande tofauti na mwenzake, ili ndani ya sekunde moja kila mmoja awe na kitu ambacho jirani hana. Utaratibu wa nipe nikupe wa BitTorrent uache kabisa: dirisha la video ya moja kwa moja ni fupi mno, na utakachofanya ni kumwadhibu mwenye muunganisho dhaifu kwa kosa lisilo lake.

Kuhusu NAT kuna mtego ninaoomba sana uuepuke. WebRTC hutumia STUN kumjulisha mtu anwani yake ya nje, na ikishindikana kuunganisha moja kwa moja huangukia TURN, seva inayopitisha kila kitu katikati. Kwa simu ya watu wawili hilo ni jambo jema. Kwa kazi yako ni hasara tupu: data inaingia kwenye seva yako na kutoka tena, ambapo kumpa mtazamaji yule segimenti moja kwa moja kungetumia kutoka peke yake. Zima TURN kwa ajili ya video. Wasioweza kuunganishwa, hasa wenye NAT ya aina ya simetria pande zote mbili, wape video kutoka kwa seva na uwahesabu kama wasiochangia. Walio kwenye data ya simu wapokee tu bila kupakia, kwa sababu wanalipia kila megabaiti, na watazamaji wote waelezwe kwamba anwani zao za IP zitaonekana kwa watazamaji wengine. Asiyekubali asichangie.

Anayeingia asisubiri majirani. Kumuunganisha kunaweza kuchukua sekunde kadhaa, kwa hiyo mpe segimenti mbili za kwanza kutoka kwa seva, kisha umhamishie kwenye wavu taratibu. Hapa jihadhari na dakika ya kuanza kwa tukio: watu 100 wakiingia ndani ya sekunde chache, kila mmoja akijaza akiba kwa kasi maradufu, ni Mbps 180 kwenye seva ya 100. Waanzishie ubora wa chini, au wasambaze kwa sekunde chache za bahati nasibu.

Usalama usiuache mpaka mwisho, maana kwenye P2P mtazamaji mmoja mwenye nia mbaya anaweza kuwapelekea wenzake picha isiyo yako. Kila segimenti itolewe na orodha fupi ya alama za SHA-256 (kama alama za vidole za data), moja kwa kila kipande, iliyosainiwa na ufunguo wako. Alama 14 za baiti 32 na saini ya Ed25519 ya baiti 64 zinafanya baiti 512 tu. Orodha itoke kwa seva, na kipande kisicholingana kitupwe kabla ya kusambazwa.

Je, sekunde 10 zinawezekana? Ndiyo, kwa kubana: sekunde 3 za enkoda na kukamilisha segimenti, 2 hadi 3 za kusambaza, 4 za akiba. Ukiweza kukubali 15, kubali, kwa sababu sekunde hizo 5 zitapunguza sana maombi ya dharura kwa seva. Kumbuka pia kwamba RFC 8216 ya HLS inashauri kicheza video kisianze karibu na mwisho kuliko segimenti tatu. Ukiwa na segimenti za sekunde 6 umeshapoteza 18 kabla ya P2P kuanza.

Kabla ya kurudi kwa watazamaji halisi, fanya majaribio ya ofisi yafanane na hali mbaya. Kwenye Linux tumia tc pamoja na netem, zana za kuiga mtandao mbaya: bana kupakia hadi Mbps 1.5, ongeza milisekunde 80 za ucheleweshaji, poteza asilimia 1 ya pakiti, zuia UDP (itifaki inayotumiwa na WebRTC) kwa theluthi ya mashine, na ua asilimia 10 ya watazamaji kila dakika. Pima muda wa kukwama kwa kila saa ya kutazama, asilimia ya data iliyotoka kwa majirani, vipande vilivyorudiwa, na muda wa kuanza. Vilivyorudiwa vikizidi asilimia 5, upangaji wako wa maombi una kasoro. Kisha wafungulie asilimia 10 ya watazamaji kwanza.

Nakusihi pia usiandike haya yote kutoka mwanzo. P2P Media Loader ni maktaba huria inayofanya kazi pamoja na hls.js (maktaba ya kucheza HLS kwenye kivinjari), na PeerTube, jukwaa huria la video, huitumia. Anza nayo, halafu badilisha yale ambayo vipimo vyako vitaonyesha.

Na swali la kuachana na P2P lina jibu la haki. Watazamaji 500 kwa Mbps 0.9 ni Mbps 450. Seva moja yenye njia ya Gbps 1 inawahudumia wote bila wavu, bila NAT, bila kitu chochote nilichoeleza hapo juu. Kama unaweza kuipata na idadi yako haipandi, chukua hiyo. P2P inastahili taabu yake pale idadi inapopanda ghafla usipotarajia, pale njia ya seva haiwezi kuongezwa, au pale watazamaji wengi wako nyuma ya muunganisho mmoja, kama jengo lenye watu 40 ambao wakigawiana ndani wanaivuta video kutoka nje mara chache badala ya mara 40.

Mtafute mhandisi wa mitandao akae nawe ana kwa ana kama uwiano wako unazidi 1.3 na watu bado wanakwama, kwa sababu hapo kinachotakiwa ni kunasa pakiti kwenye mashine ya mtazamaji na kuzisoma pamoja. Mpelekee kumbukumbu za matangazo mawili zenye muda wa kila ombi na kila kipande kilichofika. Na kama unachorusha kina faragha ya watu, mfano matibabu, watoto au shauri la ndani ya taasisi, pata ushauri wa mwanasheria na mtaalamu wa usalama kabla anwani za watazamaji hazijaanza kuonekana kwa wenzao.